Faini ya Shingo

Baba mdogo alirudi na jibu tukiwa tunapura alizeti. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zizi, akaja polepole kama mtu anayejua kuwa anasubiriwa. Mama aliacha fimbo yake. Na mimi nikaacha. Kaka yangu, ambaye jibu lilikuwa lake, aliendelea kupiga vichwa vya alizeti juu ya turubai kana kwamba aliyekuja ni mgeni wa kuuliza njia.

"Wamekubali," baba mdogo alisema.

Mama akatoa kigelegele.

"Ngoja kwanza, shemeji. Wamekubali, lakini wanataka mbuzi."

"Mbuzi wa nini tena? Si ng'ombe mlishaelewana?"

"Mbuzi wa shingo."

Akaketi kwenye gunia, akavua kofia, akatueleza. Siku ile alipompeleka kaka kujitambulisha, babu wa binti alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kijana alitakiwa kuchuchumaa, kuinamisha kichwa na kutoa shikamoo akiangalia chini. Kaka alichuchumaa vizuri. Shikamoo aliitoa vizuri. Lakini kichwa kilibaki juu, macho yamemkazia mzee usoni. Halafu alipopewa mkono, alitoa wake nusu tu, kiwiko kimekunjwa, kama mtu anayehofia kunyang'anywa kitu.

"Shangazi wa binti kasema hajawahi kuona posa inayokuja na jeuri namna hiyo," baba mdogo alisema huku akianza kucheka. "Kasema huyu kijana alikuwa anampima mzee suti."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Kaka naye alicheka. "Mwambieni shangazi nikishaoa shingo italegea yenyewe."

"Ndivyo alivyosema! Kasema binti yao ataikunja."

Mimi sikucheka. Baba mdogo aliniona. "Na huyu msomi wetu naye? Anatafuta kosa kwenye mbuzi?"

Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi kadhaa kabla ya hapo, na digrii ya baiolojia ya molekuli ambayo katika wilaya yetu ya Ikungi haikuwa na meza wala kiti. Nilikuwa naomba kazi kwa simu, nikiisimamisha simu juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ambako mtandao ulikuwa unapita. Mchana nilikuwa napura alizeti. Watu wa kwetu walinizoea kama mtu wa maswali. Kwa nini wanawake wale chakula baada ya wanaume, kwa nini mvua iombewe ikishachelewa na si kabla, nani aliyesema. Mama alisema chuo kikuu kimenifundisha kukataa, basi. Huenda ni kweli. Lakini swali nililokuwa nalo siku ile sikuwa nalo mdomoni, nilikuwa nalo tumboni, na lilikuwa limekaa humo tangu mwaka wa mwisho wa masomo.

Mwaka ule niliandika kazi yangu ya mwisho juu ya protini zinazokifunga kiini cha seli kwenye kiunzi chake. Wengi tulifundishwa sekondari kuchora kiini kama kipande cha nyama kinachoelea kwenye mchuzi. Hakielei. Utando wake una tabaka mbili. Kuna protini zilizopenya tabaka la ndani, upande mmoja zimeshika wavu unaokizunguka kiini kwa ndani. Kuna nyingine zimepenya tabaka la nje, zimejifunga kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo. Na katikati ya tabaka hizo mbili, za ndani na za nje zimeshikana. Kwa hiyo seli ikivutwa huko nje, kiini kinavutwa. Hakuna kitu kinachotokea ukutani ambacho chumba cha ndani hakikisikii.

Niliupenda utaratibu huo kwa sababu ulinikera. Nilikuwa kwenye hosteli ya Dar es Salaam nikijiona mtu niliyejitoa kwetu kwa akili yangu mwenyewe, halafu nikasoma kwamba hata kitu kidogo kiasi kile hakina faragha.

Ndipo nikafika kwenye ukurasa wa magonjwa. Protini moja ya ukingo wa kiini, inayosaidia kushikilia mahali hapohapo, ikikosekana, mwili unaonyesha polepole. Viwiko hukataa kunyooka. Visigino huinuka, mtu akatembea kwa vidole. Shingo hukakamaa, kidevu kisifike kifuani. Nilikuwa maktaba, feni inazunguka juu yangu, na nilikuwa nasoma habari za kaka yangu zilizoandikwa na watu wasiomjua. Nilisoma habari za mjomba pia, mdogo wake mama. Halafu nikasoma sentensi iliyofuata, kwamba misuli si hatari kubwa. Hatari kubwa ni moyo, ambao umeme wake hupotea njiani, na mara nyingine mtu hufa bila kuugua.

Mjomba alikufa nikiwa kidato cha pili. Alikuwa amelima tangu asubuhi, akaketi kwenye tuta kunywa maziwa ya mgando, na kibuyu kikabaki mkononi. Wengine walisema presha, wengine walimtaja jirani. Kwenye ukoo wa mama kuna utani kwamba wanaume wao wanazaliwa na mikono ya kubeba ndama, kwa sababu wakisimama hivi hivi mikono imekunjwa mbele kama wamebeba kitu. Nilikua nikiucheka utani huo.

Mwanzoni nilijibishana na ukurasa. Mimi si daktari. Nimeona seli kwenye picha tu, nyingi zikiwa za panya. Mtu yeyote akisoma orodha ya dalili atajikuta humo, na mtu aliye mbali na nyumbani atawakuta ndugu zake wote. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila nilipokuja likizo nilimtazama kaka akitembea mbele yangu kwenda zizini, visigino havigusi ardhi.

Utotoni alichapwa kwa ajili ya shingo ile. Madrasa, ustadhi alikuwa anapita nyuma ya mistari wakati wa kujifunza sala, na kila alipofika kwa kaka alimkuta kidevu kimeinuka. "Tazama unaposujudia!" Fimbo. "Unamtazama nani huko mbele?" Fimbo. Kaka alinieleza siku moja kwamba macho yalikuwa chini muda wote, ni kichwa tu ndicho kilichogoma, lakini nani anayetazama macho ya mtoto?

Kesho yake baada ya jibu la baba mdogo, nilimfuata kaka alipokuwa anafunga mnyororo wa plau. Alikuwa ameifungia waya pete moja iliyolegea. Nilimshika mkono nikijifanya natazama alipojikwaruza, nikaweka vidole kwenye mshipa. Mapigo yalikuja taratibu sana, yakaruka moja, yakarudi.

"Unanipima nini, profesa?"

Nikamwambia. Nilitumia plau kwa sababu ilikuwa mbele yetu. Nilimwambia ng'ombe wawe ndio kiunzi, plau iwe kiini, na mnyororo uwe zile protini. Katika mwili wake huenda pete moja ya mnyororo haikuwepo tangu kuzaliwa, na mjomba vilevile, na kitu kinachoumia zaidi ni moyo kwa sababu haupumziki kuvuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikaza waya kwa koleo.

"Mnyororo ukikatika ng'ombe wanakimbia zao," alisema. "Wanakuwa huru. Sasa mimi mbona nakakamaa?"

Nikamwambia hata wataalamu bado wanabishana. Wanaosema kwamba seli inachakaa kwa kuvutwa vibaya wapo, na wanaosema kwamba kiini kinakosea kusoma maagizo yake nao wapo. Niliandika kurasa nyingi juu ya mzozo huo na nilipata alama nzuri.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Ndiyo maana nasema twende Ikungi, hospitali wana mashine ya kupima umeme wa moyo. Unalala kitandani, wanakubandika waya, basi."

"Halafu?"

"Halafu tunajua."

Akasimama. "Nani anajua? Wewe unajua, daktari anajua, nesi ana shangazi yake hapa Sepuka, na yeye anajua. Ijumaa wanajua msikitini. Jumamosi ninajua mimi kwamba sina mke." Akacheka. "Nimechapwa kwa ajili ya jeuri hii tangu mdogo, dada. Nimeshailipia. Sasa nalipa mbuzi, nabaki mjeuri, naoa. Unataka niwe mgonjwa kwa faida gani?"

"Kwa faida ya kutokufa."

"Mjomba alikufa ana watoto," alisema, kama mtu anayetaja mali.

Ingekuwa mtu mwingine ningemsemea. Ningekwenda kwa baba mdogo, ningepita kwa wale wakwe, ningesema neno moja tu na jeuri yote ingefutika, mbuzi asingehitajika. Nililifikiria hilo kila siku iliyofuata. Na kila mara nilifika mahali palepale: kasoro ya protini hiyo hurithiwa kwa mama. Mama haimdhuru kama inavyomdhuru mwanawe, anaibeba tu. Baba yetu alishafariki, na mama anaishi kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu mumewe, kwa hisani ya watu wanaompenda kwa sababu hajawapa sababu ya kutompenda. Nikimwondolea kaka jeuri, naweka kitu kingine juu ya mama. Nikinyamaza, kaka anakwenda kukaa kwenye tuta kama mjomba. Nilikuwa nimezunguka dunia ya vitabu na sasa nazunguka ua wa nyumba, kutoka zizini mpaka jiko, kutoka jiko mpaka zizini, wala hakuna aliyenifunga.

Nilijaribu kwa mama. Alikuwa anapepeta uwele, upepo wetu ule usiochoka ukibeba makapi upande wa barabara. Nilianza mbali. Nilimuuliza mjomba alianza lini kukunja mikono.

"Alizaliwa hivyo."

"Alizaliwa, au ilianza akiwa mkubwa kidogo?"

Ungo ukasimama. "Kwa nini?"

"Naona kaka anafanana naye."

"Mtoto kufanana na mjomba wake ni kesi?"

"Mama, kuna ugonjwa unaokwenda kwa..."

"We mtoto." Akaongea Kinyaturu, lugha anayoitumia nami akiwa hana nafasi ya kuchagua maneno. Aliniambia kwamba wanaume watatu amewaona wakinyooshwa mikono na waosha maiti, na haikunyooka: mjomba wake, kaka yake, mdogo wake. Aliniambia alipoolewa huku alimshukuru Mungu kwamba ameiacha mikono ile kwao. Aliniambia ndiye aliyemfundisha kaka, akiwa mdogo, kuchuchumaa haraka na kushika magoti ili viwiko visionekane. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Sasa unataka kuniambia nini ambacho sijui?"

Nilitaka kumwambia kwamba kuna mashine. Nikamwambia hamna kitu. Akaendelea kupepeta.

Siku ya kupeleka mbuzi, mama alikwenda kisimani mapema. Baba mdogo alikuwa na homa, ikaamuliwa niende mimi na kaka, na dereva wa bodaboda anayetubeba siku zote. Mbuzi alikuwa beberu mweusi mwenye akili. Alipoona kamba alitoka mlangoni mwa zizi, akakata kona kwenye mabua ya alizeti, kaka nyuma yake akikimbia kwa vidole, mimi nikicheka. Alimkamata mguu wa nyuma. Akamvuta. Halafu akakaa.

Hakuanguka. Alikaa chini taratibu, mbuzi mkononi, kwa namna ileile ambayo mtu hukaa kwenye tuta kunywa maziwa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimfikia, nikamwita, akawa ananitazama bila kuniona. Nilishika mkono wake na sikuupata mshipa. Beberu alilia. Kisha kaka akavuta pumzi ndefu, jasho likamtoka usoni kama amemwagiwa maji.

"Kulikuwa giza," alisema.

"Muda gani?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?" Akamtazama mbuzi, akautazama mkono wake ambao haukuwa umemwachia. "Tuanzie Ikungi," alisema. "Mama asijue."

Kwa hiyo tulikwenda hospitali na mbuzi. Tulimfunga kwenye mti wa uani na mlinzi akaja juu. "Huyo naye ana namba?" Dereva wetu akajibu kwamba ndiye mgonjwa, hawa wamemsindikiza. Watu kwenye benchi wakacheka, na kaka akacheka, amekaa wima kama alivyokaa siku zote, mtu yeyote angesema anajidai.

Ndani, nesi alimwambia alale chali anyooshe mikono. Akanyoosha alivyoweza. Akamwambia alegeze shingo, akamwondolea mto, kichwa kikabaki hewani kidogo. Aliweka mto tena bila kuuliza. Karatasi ilitoka polepole kwenye mashine na niliitazama kama ninavyotazama barua ya mtu mwingine. Daktari, kijana wa umri wetu, aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena.

Alisema umeme wa moyo unaanzia juu vizuri ila haufiki chini inavyotakiwa, unakatika njiani. Alisema hapa hawana la kufanya zaidi. Anamwandikia rufaa kwenda Dodoma, na huko kuna uwezekano awekewe kifaa chini ya ngozi, kiusukume moyo kila unaposahau. Kaka asikimbie, asiendeshe bodaboda, asilime peke yake. Nikamtajia protini. Nilimweleza yote, mjomba na wanaume wengine wa kwao mama, kwa kasi, kama mwanafunzi anayeogopa kengele. Alinisikiliza. "Inawezekana," alisema. "Inalingana. Lakini karatasi hii haiwezi kuniambia hivyo. Kipimo cha hilo hapa hatuna."

Ni jibu ambalo mimi mwenyewe ningelitoa, na lilinichoma.

"Naweza kuoa?" kaka aliuliza.

"Sijaona kinachokuzuia," daktari alisema. "Ila huyo unayemuoa, mwambie."

Tulipotoka, mbuzi alikuwa amekula matawi yote ya chini. Kwa wakwe ni njiani kurudi Sepuka. Tulipoiona nyumba, kaka akamwambia dereva asimame kabla ya uwanja. "Wewe usiongee," aliniambia. "Nakujua."

Babu alikuwa kwenye kigoda kilekile. Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akamwona mbuzi, akafurahi. "Haya, mjeuri wetu kaja na adabu yake!" Kaka alichuchumaa. Akatoa shikamoo, kichwa juu.

"Babu," alisema, "mimi siinamishi kwa sababu siwezi. Shingo haikunji. Mikono hii nayo hainyooki. Leo nimetoka hospitali, nimeambiwa na moyo wangu una shida. Nakwenda Dodoma kutibiwa. Nikitibiwa nitafanya kazi kama wengine. Mbuzi ni huyu. Nimesema niseme mwenyewe."

Mzee aliinuka kidogo kwenye kigoda. Alinyoosha mkono, akamgusa nyuma ya shingo kwa vidole viwili, kama anayekagua ng'ombe mnadani, akasukuma kidogo. Haikukunja. Akarudisha mkono kwenye paja.

Binti alikuwa mlangoni. Nilimwona akiingia ndani.

Aliyesema ni shangazi, na hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Kumbe ugonjwa. Mwanangu, mjeuri tungemvumilia." Akaichukua kamba ya mbuzi mikononi mwangu, nikadhani anampokea. Alimzungusha tu, akanirudishia kamba. "Nendeni naye. Mkatibiwe kwanza."

Dereva alituacha kwenye njia panda, tukamalizia kwa miguu, kaka mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma. Kuna nyumba ya rafiki yake karibu na shule.

"Tumwache mbuzi hapo," nilisema. "Tuseme wamempokea. Mpaka utoke Dodoma."

Alisimama. Hakugeuza shingo, aligeuka mzima, kama anavyogeuka siku zote. "Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Mama akimwona mbuzi atajua kila kitu."

"Si ulitaka watu wajue?"

Nilitaka wajue. Sikuwahi kufikiria kwamba kujua kungeingia uani kwa miguu minne.

Mama alikuwa anapepeta tena. Alimwona beberu kabla ya kutuona sisi. Hakuuliza wakwe wamesema nini. Kaka alimweleza hata hivyo, amesimama mbele yake: mashine, Dodoma, kifaa, maneno ya shangazi. Alisema atakwenda wiki inayoanza, hata kama ni kwa kuuza dume mmoja wa kulimia. Mama aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Alipomaliza, alimshika viwiko vyote viwili, akavishika tu, hakujaribu kuvinyoosha.

Kisha akanitazama mimi.

"Njoo," alisema. Nikaenda. "Nyoosha mikono."

Nikainyoosha. Ilinyooka yote, wima, mpaka vidole. Akaniambia niiname, nikaweka kidevu kifuani. Nilimsikia akishusha pumzi juu ya kichwa changu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Wewe haikukupata."

Mikono ya mwanamke haisemi chochote. Naweza kuwa nimeibeba kasoro ile kama alivyoibeba yeye, uwezekano ni nusu kwa nusu, na kwangu pia moyo unaweza kuja kudai baadaye, na wanangu wa kiume wanaweza kuzaliwa na ndama asiyeonekana mikononi. Nilikuwa na maelezo hayo yote, na nilikuwa nimeinama, na mkono wake ulikuwa nyuma ya shingo yangu. Nilibaki hapo. Nikasema ndiyo, mama.